Mtasoma Nyumbani

Nilipokuwa darasa la nane, mwalimu wa bayolojia
alifika sura ya kumi na nne, akakohoa,
akatazama dirishani kama mtu aliyesikia farasi wake wanaibwa,
akasema: "Hii mtasoma nyumbani."
Kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto watatu.
Wiki ile zamu ilikuwa ya Maksat,
aliyekirudisha kikiwa kimepungua kurasa nne.

Basi nikafundishwa na farasi.
Milima ya Naryn inanijua:
nimeingiza mkono hadi kiwiko kwa jike aliyekwama,
nikageuza kwato za mtoto gizani, kwa kupapasa,
theluji ya Aprili ikinichapa mgongoni.
Damu siionei haya.
Maneno ndiyo nayaonea.

Julai, tukiwa malisho ya juu,
mama yao yuko Moscow, zamu ya usiku,
anabandika lebo kwenye makopo ya samaki,
Aijamal wangu, miaka kumi na miwili,
alitoweka na mbwa.
Nikamkuta nyuma ya rundo la kuni.
Alikuwa ameandika, kwenye karatasi ya daftari la hesabu:
*Baiskeli apewe Nurbek.
Mbwa asipigwe.
Mama asiambiwe mpaka arudi.*
"Baba," akasema, "ndani yangu kuna kitu kimepasuka."

Na mimi nilijua!
Nilijua kama ninavyojua njia ya kurudi hemani usiku,
lakini ulimi ulilala mdomoni kama gogo.
Nikapanda kilima kutafuta mtandao.
Moscow ikaita, ikakata. Ikaita, ikakata.
Nikaenda hema la pili, kwa bibi Saikal,
naye akampa mtoto kitambaa na amri mbili:
nyamaza,
na usiguse mfuko wa maziwa, yataharibika.
Mtoto aliyekuwa akiandika wosia
akaongezewa na kosa.

Oktoba, mkutano wa wazazi.
Tumekalia viti vya watoto, magoti yanagusa kidevu.
Mwalimu Burulai, mgeni wa mwaka huu, ana karatasi mkononi:
masomo kumi. Mwili na kubalehe kwake.
Mkono usiotakiwa, na namna ya kuukataa.
Mimba inavyoingia, inavyozuilika. Maradhi.
"Naomba saini zenu."

Omurzak mwenye duka akainuka:
"Mnamwonyesha mwizi mlango kabla hajawaza kuiba!"
Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe,
kwa maana binti wa Omurzak aliacha shule majira ya kuchipua,
na kila mmoja wetu akaanza kukagua viatu vyake.
Omurzak alikaa taratibu.
Sikumchukia. Alikuwa na uso wa mtu
ambaye simu yake nayo imekata.

Nikasimama. Sikuwa na hotuba.
Nikasema: jike wangu akizaa
mnaniletea watoto wenu waje waone.
Wanasimama uani na mikate yao, wanatafuna, wanatazama.
Kisha nikatoa karatasi ya hesabu.
Nikasoma mstari wa kwanza, ule wa baiskeli.
Wa pili sikuumudu.

Saini kumi na saba kati ya thelathini na moja.
Ya kumi na saba ilikuwa ya bibi Saikal, mlezi wa wajukuu wawili.
Aliiandika kwa kubonyeza sana, karatasi ikatoboka,
akaondoka bila kumuaga mtu.

Leo ni Juni, tumepanda tena malishoni.
Aijamal anapiga maziwa mfukoni kwa mti mrefu,
mapigo mia, mia mbili, siku zake zikiwemo na zisizokuwemo,
na maziwa yanachachuka kama yalivyochachuka kwa mama yangu.
Jana usiku Nurbek, miaka tisa, akauliza,
kijiko kikiwa bado mdomoni:
"Baba, mimi niliingiaje tumboni kwa mama?"

Dada yake akanitazama.
Nikakohoa.
Nikachungulia nje ya mlango wa hema:
farasi walikuwepo wote.

"Sogea hapa," nikamwambia.