Kialama Juu ya S

Serikali ya jimbo ilipoleta kibao kipya
ilisahau kile kialama juu ya S,
kidogo, mfano wa ndege wa mbali
kama achoravyo mtoto wa chekechea.
Tangu hapo madereva wa malori
hulitamka jina letu kama wanaotema kokwa:
Olsina, watu mia nne kumi na wawili.

Bibi Albina Mikeska hakuandika barua.
Alitoa ngazi ghalani, na kopo la rangi nyeusi,
akapanda, miaka themanini na mmoja, soksi zimeshuka,
akamrudisha ndege mahali pake. Olšina.
Mvua ikamfuta. Akapanda tena.
Polisi wa wilaya alipunguza mwendo, akageuza uso;
mama yake ni wa ukoo wa Orsak.

Huku ndiko kwetu: uwanda wa pamba, udongo mweusi
unaonata viatuni kama deni,
kanisa la mbao, na darini nyota
zilizochorwa na fundi ambaye hadi leo hajalipwa.
Makaburini majina ya kike yana mikia,
-ová, -ová, safu kwa safu,
na picha zao ndani ya vigae vya duara
zinatukodolea macho kana kwamba tumechelewa kula.

Baba alichapwa shuleni kwa kuomba maji kwa Kicheki.
Hakutufundisha hata neno maji.
Mimi najua kuhesabu hadi ishirini,
najua kusali,
najua kumlaani ng'ombe.
Hiyo ndiyo mirathi yangu. Kwa mazungumzo haitoshi;
kwa mazishi yatosha.

Jumamosi, saa kumi alfajiri,
Eusebio Treviño huwasha tanuri.
Koláče zake zina plamu, jibini, mbegu za popi,
na sinia moja ya pilipili
ambayo wazee huilaani hadharani
na kuinunua kwa mlango wa nyuma.
Nani alimfundisha? Albina,
kwa kumpiga kofi la kiganja
kila alipoukanda unga kwa haraka.

Tulimzika Albina Februari. Udongo ulinata.
Machi ikanyesha wiki nzima.
Nikapita penye kibao nikitarajia S tupu.

Ndege alikuwepo, rangi bado mbichi,
mnene kidogo, kazi ya mkono
usioizoea herufi hiyo,
na pembeni yake, juu ya bati,
alama ya kidole gumba,
nyeupe, ya unga.