Mvuto wa Kwanza

Kabureta ya Yamaha iko juu ya gazeti,
imelegea kama pweza aliyepigwa.
Nainusa: petroli tu, na chumvi ya Sur.

Simu inalia. Muhenna, kaka yangu, Minesota.
Mashine yake ya majani imegoma tena.
Kule petroli huchanganywa na spiriti ya mahindi;
spiriti huita maji, maji huita kutu,
mpira wa bomba hulainika kama ubwabwa.
Isiyotiwa kitu iko pampu moja,
mwendo wa saa nzima, na bei imepanda theluthi.
"Nafuata mafuta," anacheka,
"na njia nzima nayachoma."

Mimi huvuka barabara tu, dumu mkononi.
Yule kijana wa Chitagongi hajawahi kusikia habari za spiriti.
Huuliza: tisini na moja, au tisini na tano?
Natoa riali tano kwa lita ishirini,
narudishiwa za chai ya karaki.

Nataka kumringia Muhenna.
Lakini keshauliza mama ameamkaje,
na ile boti ya baba, je,
bado inawaka mvuto wa kwanza?

Wa kwanza, nasema.

Ni wa saba,
siku ikiwa njema.