Witiri na Shufwa

Mlima una ufa, upana wake mlango wa gari,
na theluji ikiyeyuka unaongezeka unene wa ukucha.
Chini, ukingoni mwa ghuba nyembamba, kuna nyumba arobaini,
shule, na mzee Gudleik anayepaka ua wake rangi nyekundu kila mwaka
kana kwamba mlima haumhusu.

Tulitega masikio mia mbili hamsini na sita kwenye mwamba,
kila moja likisema mara elfu kwa sekunde.
Piga hesabu mwenyewe.

Kompyuta ya kwanza ilikuwa moja, kubwa, ya bei ya kutisha.
Torbjørg akailisha rekodi za poromoko la zamani.
Ikajibu bila kosa: mlima unaanguka.
Ikajibu baada ya sekunde tisini.
Akaandika daftarini: *Sahihi. Haina faida.*
Chelewa chelewa, utakuta kijiji si chako.

Basi, kidole kimoja hakivunji chawa;
tukanunua vidole sitini na vinne,
vichakato vidogo, kila kimoja na masikio yake manne,
navyo vikakesha vikisalimiana.
Hujambo, sijambo, za huko, njema,
kisha vyote foleni mlangoni kwa kimoja cha katikati
kama raia wanaosubiri karani mwenye muhuri.
Sekunde arobaini.

Torbjørg akaenda kwa mama yake, akala supu, akauliza
kiwanda cha samaki kiliendaje zamani.
*Kisu, samaki, mkono wa kushoto,* mama akasema.
*Jirani yako tu. Nani alikuwa na muda wa kumwita msimamizi?*

Akarudi akakata nyaya za katikati.
Kila kichakato na jirani zake, basi.
Ikaenda vizuri siku tatu,
halafu saa nane za usiku yote ikanyamaza:
cha kumi na saba kimeshika ujumbe, kinasubiri cha kumi na nane kipokee,
cha kumi na nane kimeshika wake, kinasubiri cha kumi na saba,
wastaarabu wawili mlangoni,
tangulia wewe, hapana, wewe,
na mlima juu yao hauna adabu hiyo.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja.
Witiri atume kwanza. Shufwa apokee kwanza. Kisha wabadilishane.
Niliona aibu kwamba sikuwa nimeiona.

Oktoba, asubuhi, watoto wakiwa njiani,
kitu kiligonga mwamba.
Masikio thelathini yalipiga kelele.
Kabla ya nusu sekunde majirani walikuwa wameulizana,
wakakubaliana: jiwe moja, dogo, linabingirika peke yake.
Ving'ora havikulia.

Hakuna aliyetushukuru; hakuna aliyejua.
Torbjørg alitazama skrini, akamalizia mkate wake,
akafuta makombo juu ya kibodi.
Dirishani, Gudleik alikuwa amefika ubao wa nne.