Kopo la Vanila

Daktari wa Mombasa alinifungua goti
kama fundi saa.
Akachomoa uzi nyuma ya paja langu mwenyewe,
akaupitisha mbele, pale kano ya zamani
ilipokatika kwa mlio wa kijiti,
dakika ya sabini na moja, kiwanjani Muyeye.
Hakuna aliyenigusa.
"Umejikopesha," alisema.
"Deni ni miezi tisa."

Nikarudi Malindi na magongo mawili
na karatasi ya mazoezi, nimeikunja mara nne mkobani,
maana dawa yangu nilishaijua.
Niliuza baiskeli.
Kwa Famau wa duka la dawa nikanunua
kopo la poda ya protini, ladha ya vanila,
lenye picha ya mwanamume asiye na shingo;
kolajeni ya pakiti; kreatini;
vidonge vya vitamini D, mimi niliyekulia juani;
na chupa ya mafuta ya samaki.

Mama aliisoma chupa kwa mbali, mkono umenyooka,
miwani kaisahau kibandani.
"Imetoka wapi?"
Norwei, mama.
Akatazama sufuria yake,
changu watatu wamelala kwenye ukwaju.
"Kwa hivyo samaki kapanda ndege
kuja kumpita huyu wa shilingi mia mbili."
Hakucheka. Hapo ndipo paliponiuma.

Kila alfajiri niliswali kwenye kiti,
sijda ikiishia hewani,
paji la uso likiitafuta sakafu kwa kumbukumbu.
Kisha vijiko viwili, maji, tikisa.
Nilikunywa kwa imani
niliyopaswa kuiweka kwingine.

Dama wa fiziotherapia hakunikataza.
"Kunywa. Mwili unaojengwa hudai matofali.
Lakini tofali halijipangi lenyewe.
Na mayai, na kunde, na changu wa mamako,
hayo pia ni matofali, ya bei ya sokoni."
Akazungusha tepi ya cherehani mapajani:
kulia arubaini na nane,
kushoto arubaini na mbili.
"Sentimita sita. Kopo linasemaje?"

Kopo lilisema mengi, kwa Kiingereza na Kiitaliano.
Kuhusu sentimita sita lilinyamaza.

Mwezi wa tatu nikajiona mzima.
Nyevu, namba tisa wetu, alinikuta kichochoroni,
akautua mpira mbele yangu.
Nikainua mguu.
Nikalisikia neno la Dama:
kano iliyopandikizwa hufa kidogo kwanza
kabla ya kuchipua;
siku unayojisikia chuma
ndiyo siku yenyewe ni uji.
Mpira ukavingirika hadi mtaroni.
"Woga wako huo utakula mwaka," Nyevu akasema.
Sikumjibu. Niliogopa kweli.

Kopo lilipokwisha, pesa nazo zilikuwa zimekwisha.
Nikalijaza mchanga.
Mama akalifunga kifundoni mwangu kwa leso kuukuu,
fundo lile lile la kubebea mtoto.
Nikalala chali ukumbini,
karatasi nimeikunjua, imechanika palipokunjwa.
Inua. Hesabu tano. Shusha polepole.
Mwanamume asiye na shingo akapanda, akashuka,
akapanda,
kwa mara ya kwanza akiifanya kazi niliyomlipa.

Tepi ya Dama juzi: arubaini na nne na nusu.
Sijui nini kilichojaza hizo mbili na nusu,
poda, kunde, mchanga,
au mama kizingitini akihesabu kwa sauti,
kila akifika saba akijifanya amesahau
ili turudie toka moja.

Sijda bado. Goti linagoma kwenye nyuzi mia na kumi.
Leo pia nitaswali kwenye kiti.
Jikoni kuna changu. Nanusa ukwaju.