Njia ya Kuni

Tulishuka Kajiungeni saa moja kasorobo,
mimi, dada yangu Sikudhani, na mwanawe Pazi
aliyebeba maji, mihogo ya kuchemsha,
na simu yenye ramani ya msitu mzima.
Langoni mlinzi alitukatia risiti,
akamtazama dada, khanga mbili na kandambili,
akasema, "Mama, kule kuna mwinuko."
Dada akaikunja risiti, akaichomeka kwenye pindo,
akatangulia.

Niseme ukweli: nilikuwa nimenunua viatu.
Kariakoo, elfu arobaini, soli kama tairi la trekta.
Nilikuwa nimesoma namna ya kupumua kilimani.
Hatua ya mia nne nikaanza kuhesabu miti
kama mdaiwa anavyohesabu siku za mwezi:
huu mkongo, huu mtondoro, huu siujui,
huu nitauegemea kidogo, nyinyi tangulieni.

Pazi akasema ramani inatupeleka kushoto.
Dada akasema kushoto kuna upupu.
Pazi akaenda kushoto.
(Alijikuna mpaka adhuhuri, na sitaongeza neno.)

Njia ilipanda, ikateleza, ikageuka nyeupe,
udongo ule unaoganda kisiginoni kama unga wa muhogo.
Tumbili wakatuzomea kutoka juu,
na kila baada ya dakika chache ndege ya abiria
ikapita chinichini ikitafuta uwanja,
tumbo wazi, magurudumu yameshatoka.
Nikawaza wale walioketi dirishani
wanaona kijani tu, hawaoni watu watatu
na mmoja wao anahema.

Kisha ardhi ikakatika.
Chini, katikati ya miamba: maji.
Si mengi. Ukirusha jiwe kwa mkono wa kushoto linavuka.
Meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa kikombeni,
na ubaridi wake unapanda kukupokea kabla hujafika.

Nikavua viatu vya elfu arobaini.
Nikaingia mpaka magotini. Mpaka kiunoni.
Nikasimama hapo kama nguzo ya umeme,
mikono juu, namweleza Pazi
kwamba kuogelea ni suala la pumzi.

Nyuma yangu maji yakafunguka.
Hakukuwa na kishindo; ilikuwa sauti
ya kitambaa kinachochanwa taratibu.
Nikageuka: khanga moja juu ya mwamba,
kandambili zimepangwa, risiti chini ya jiwe,
na dada hayupo.

Nilihesabu. Tisa. Kumi. Kumi na moja.
Nilifungua mdomo nimwite, jina likagoma.
Aliibukia ng'ambo, mvi zimelala kichwani,
akageuka chali, miguu inacheza kidogo tu,
mwanamke wa miaka sitini na mbili
kalala juu ya maji
kama mtu aliyerudi kwenye kitanda chake.

"Nani alikufundisha?"

"Siku zile mama akinifokea nimechelewa na kuni,"
akasema, akiitazama mbingu,
"mlidhani nilikuwa wapi?"

Nikakumbuka. Mzigo mdogo, nywele zilizolowa.
"Umande," alikuwa akisema, na sisi tukaamini,
umande wa saa kumi jioni, kiangazi kikali.
Mama alimchapa kwa mwiko. Mimi nilicheka.
Miaka yote hii nimelitamka jina lake
bila kulisikia.

Ndege nyingine ikapita.
Kivuli chake kikakata bwawa, kikampanda tumboni,
naye akakipungia mkono, kama wanajuana.
"Njoo," akaniambia. "Legeza shingo.
Maji hayana haraka na wewe."
Pazi, juu ya mwamba, akaacha kujikuna ili atazame.

Nikalegeza shingo.
Nikanywa nusu ya bwawa.
Nikajaribu tena.