Pindo

Mwaka mzima sakafu yetu imekaa bila pindo.
Sebbi aliitandaza mwenyewe, mvule ubao kwa ubao,
wiki mbili za likizo, magoti yakavimba kama viazi,
na chini ya kila ukuta akaacha mwanya
upana wa kidole changu cha mwisho.

"Mti hupumua hata ukishakatwa," alisema.
"Mvua za Aprili zikishuka Bombo, utatanuka.
Ukiubana, utainuka katikati kama mgongo wa paka."
Nilikubali. Mimi mshonaji,
najua kitambaa kipya hakikatwi kabla ya kulowekwa.
Lakini mshonaji hawezi kulala
karibu na ukingo mbichi, unaochanika kwa macho tu.
Kila nilipofagia, mwanya ulimeza.

Leo vimekuja. Vipande kumi na vinne vya mkangazi,
vyembamba, mgongo wa mviringo,
kutoka kwa Ssalongo Kiyimba wa Wobulenzi,
aliyevipiga msasa mpaka vikawa kama shingo ya mtoto.
Sebbi ana nyundo mkononi na msumari mdomoni.
Ngoja, namwambia. Kwanza nitoe vyangu.

Nikalala kifudifudi na sindano ya kufumia,
nikachokoa ukuta hadi ukuta:
pini saba. Simsim. Mia mbili yenye samaki.
Jino la Zamzam, lile tulilolitafuta kwa tochi
akilia kwamba bati halitapata cha kurushiwa.
Na karibu na mlango, kifungo
cha gomesi ya Nnalongo Birabwa,
cheupe, kina mng'ao bado.

Alisema nimekiiba. Mbele ya wateja wawili.
Nililipa, na bado
alipeleka vitambaa vyake ng'ambo ya barabara.

"Mpelekee," Sebbi akasema, msumari ukiyumba midomoni.
Nikakitia mfukoni. Tukaanza.

Pembe nilikata mimi. Kitambaa cha meza
kimenifundisha kona: nusu huku, nusu kule,
zikutane zisione haya.
Kuta ndizo zilizotusaliti. Hakuna hata mmoja ulionyooka.
Nyumba hii nimeiishi miaka tisa
nikidhani ni mimi ninayepinda.

Misumari mitatu ikajikunja kwenye tofali.
Sebbi akafuta jasho, akainamisha wa nne
kuelekea mbaoni, chini, kulikolainika.
Hapana, nikasema. Umesahau maneno yako?
Bitana haishonwi kwenye pindo la gauni,
huachwa ining'inie, ndiyo maana gauni hukaa.
Piga ukutani. Sakafu iache.
Alinitazama kama mtu aliyepewa chenji kamili.
Akapiga ukutani.

Zamzam alirusha jino lake juu ya bati,
ingawa jipya limeshaota, na limekaa upande.

Kikabaki kipande cha mwisho, cha mlangoni.
Mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe.
Ningeweza kuvuka barabara. Ningeweza kukishika
juu, kwenye jua, wateja wake wakiwepo.
Sebbi aliona. Alijifanya anatafuta tepu.
Nikakiangusha mwanyani, tk,
nikamshikia mkangazi mahali pake.

Usiku mvua ikaja kutoka Luweero.
Nilisikia sakafu ikijinyoosha gizani, polepole,
chini ya pindo, hadi mlangoni,
ikagusa kitu kidogo kigumu,
ikatulia.