Pazia la Thyra

Kila alfajiri nilisukuma mkokoteni hadi kiwandani,
mikebe minne ya maziwa, barafu ikilia chini ya gurudumu.
Nilikuwa na miaka tisa. Jutland, mwaka wa kumi na saba,
vita viko kwa jirani, sisi tunauza.

Kiwandani mashine ilizunguka, ikatenga:
malai huku, maji meupe kule.
Malai yakawa siagi, siagi ikaingia pipani,
pipa likapigwa muhuri wa pembe za shaba zilizosokotana,
likapanda gari moshi kwenda bandarini, kwenda kwenye mikate ya watu.
Mimi nikarudishiwa yale maji meupe
ya nguruwe wetu, na ya Thyra.

Baba yangu, Laust, hakuwa mtu mbaya. Naomba hilo liandikwe.
Alikuwa na deni la zizi, na siagi ilikuwa na bei.
"Majarini ni ileile," alisema, akiipaka kwa ncha ya kisu,
nyembamba hata mkate ukaona haya.
Na kweli ilikuwa ya njano. Rangi ilikuwepo.

Husemwa macho hayana pazia.
Ya mdogo wangu yalikuwa nalo.
Lilianza kushuka jioni: taa haijawashwa bado,
sote tunaonana, yeye anapapasa meza kutafuta kijiko.
Tukacheka. Nilicheka mimi, tena kwa sauti.
Nikamweka mwanasesere wake hatua mbili mbele yake
nikamtazama akimtafuta kwa mikono.

Kisha jicho likakauka.
Jicho, ambalo kulia ni kazi yake, likakosa chozi.
Penye weupe pakaota kitu kama povu la sabuni,
na mboni ikapoteza mng'ao, kama kioo cha dirisha
mtu akikihemea.
Kifua nacho kikakohoa wiki tatu.
Mama akamkanda kwa maji ya maua,
Sidsel mama yangu, mwenye ng'ombe kumi na wawili.

Daktari alikuja kwa baiskeli, theluji begani.
Hakuuliza habari za macho. Aliuliza, "Anakula nini?"
Mama akahesabu: uji wa shayiri, viazi, maziwa yale, majarini.
"Na siagi?"
Kimya. Nyuma ya ukuta ng'ombe wakasikika wakicheua.

Alitoa chupa: mafuta ya ini la samaki.
Kijiko asubuhi, kijiko jioni, na maziwa yasiyotengwa.
Thyra alitapika, akameza, akatapika, akameza.
Hata jioni moja akaniambia gizani,
"Umevaa soksi tofauti."
Jicho la kulia lilirudi.
La kushoto tulilichelewa.

Mwisho wa mwaka ule nyambizi zilifunga bahari.
Mafuta ya majarini hayakuingia tena; siagi ikakosa njia ya kutoka.
Serikali ikaigawa: robo kilo kwa wiki, kila mdomo.
Na watoto wakaacha kupofuka. Hivyo tu.
Wakubwa waliziba bahari wapate kuuana vizuri,
na dirisha likafunguka nyumbani kwetu.
Sijui nimshukuru nani. Nimeacha kujaribu.

Baadaye nilisoma, nikawa mwalimu.
Kile kitu kilichokuwa kikisafiri pipani
kikapewa jina la herufi moja: vitamini A.
Nikajifunza kwamba nyuma ya jicho
mwili huigeuza rangi ya kunasia mwanga hafifu;
kwamba ikikosekana, utando laini wa jicho, wa koo, wa mapafu
hukauka, na maradhi hupata mlango.
Kila mwaka wa shule niliiandika ubaoni, A, ya kwanza kabisa,
na chaki iligoma kidogo.

Thyra sasa ana miaka sitini. Huja Jumapili,
hukaa pale ambapo jicho lake zima linanielekea.
Hupaka siagi nene, nene hata meno yaache alama.
Akishauma, huuinua ule mkate kwenye taa.
"Ona," husema.